Sura ya Tisa: Usipige Selfu Tena

Injini inayozimika kwa kukosa mafuta huaga kwanza. Inapungua nguvu, inatikisika, inashika tena kidogo, ndipo inakufa. Iliyokatika mkanda wa taimingi haiagi. Uko barabarani kwenye kilomita 80 kwa saa, redio inaendelea kuimba, mara taa ya betri na ya oili zinawaka pamoja, usukani unakuwa mzito na gari linajiendea lenyewe hadi pembeni. Pengine utasikia mlio mmoja mkavu kutoka mbele ya injini. Mara nyingi hutasikia chochote.

Dereva anashuka, anafungua boneti, haoni kasoro, anarudi kuzungusha ufunguo. Hapo masikio yana kazi kubwa kuliko macho. Selfu ya injini nzima huhema: inazunguka, inazuiwa, inazunguka, inazuiwa, kwa kuwa kila silinda inapobana hewa inaipa mzigo. Mkanda ukiwa umekatika, selfu inakimbia kwa ulaini, mlio mmoja usio na mapigo, kama haikufungwa kwenye kitu. Ukishausikia mlio huo, toa mkono kwenye ufunguo. Usijaribu mara ya pili. Usikubali wasamaria wema walisukume likiwa kwenye gia. La gia za mkono livutwe likiwa nyutro, la otomatiki lipakiwe kwenye brekidauni. Kila mzunguko wa ziada unaweza kuongeza valvu nyingine kwenye zile zilizokwisha kupinda.

Nilisema "unaweza", na neno hilo ndilo lenye pesa ndani yake. Mkanda kukatika ni jambo moja. Valvu kupinda ni jambo jingine. Kati ya hayo mawili kuna vipimo vya nusu siku hivi, ambavyo gereji nyingi huviruka. Baadhi hufunga mkanda mpya na kupiga selfu "tuone itakuwaje". Nyingine hazifungi chochote: gari likishushwa tu, fundi anafuta mikono na kutoa hukumu, "Bosi, valvu zote zimekufa hizo, tutafute injini." Yote mawili ni kubahatisha kwa pesa ya mwenye gari.

Tuanze na kilichotokea mle ndani. Injini ina shafti mbili zinazotakiwa kukubaliana. Krankshafti, chini, hupandisha na kushusha pistoni. Kamshafti, juu kwenye silinda hedi, husukuma valvu zifunguke ili hewa iingie na moshi utoke, na springi ndizo zinazozirudisha. Kamshafti huzunguka mara moja kila krankshafti inapozunguka mara mbili, na kinachozifunga pamoja ni mkanda wa mpira wenye meno, ulioimarishwa ndani kwa nyuzi za kioo. Injini ikiwa kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, kila valvu hufunguka na kufunga mara 25 kwa sekunde moja. Kila inapofunguka hushuka milimita nane au tisa hivi, ndani ya nafasi ambayo pistoni nayo itaifikia kitambo kidogo baadaye. Ni chumba kimoja kinachokaliwa kwa zamu, na mkanda ndio unaoshika ratiba.

Mkanda ukikatika, kamshafti husimama karibu papo hapo kwa sababu springi za valvu zinaikaba. Krankshafti haisimami, maana gari bado linakwenda, magurudumu yanazungusha gia na gia zinazungusha injini. Kamshafti iliposimama iliziacha baadhi ya valvu zikiwa wazi. Kwenye injini ya silinda nne hakuna mahali inapoweza kusimama bila kuacha walau moja imefunguka. Pistoni zinapanda. Swali linabaki moja: zinazifikia?

Kwenye injini fulani, hazizifikii. Mtengenezaji ameacha nafasi ya kutosha, au amechonga mabonde kwenye vichwa vya pistoni, kiasi kwamba valvu ikiwa imeshuka hadi mwisho na pistoni ikiwa imepanda hadi mwisho bado hazigusani. Nitaziita injini zisizogongana. Kwa injini hizo, mkanda kukatika ni usumbufu wa barabarani tu: unafunga mkanda mpya, unaondoka. Kwenye injini za kugongana nafasi hiyo haipo, kwa kuwa mtengenezaji alitaka hewa ibanwe zaidi, valvu zifunguke zaidi, na mafuta yatumike kidogo kwa nguvu nyingi. Hakufanya kosa, alitaka mkanda ubadilishwe kwa wakati.

Watu wengi hukosea hapa kwa kuulizia jina la gari. Jina la gari halisemi kitu. Chukua Toyota Mark II GX100, ambayo kwa miaka mingi imekuwa teksi na gari la familia Dar es Salaam. Injini yake ni 1G-FE ya silinda sita. Hadi katikati ya 1998 injini hiyo haikuwa ya kugongana. Kuanzia Agosti 1998 Toyota waliweka toleo jipya, lile lenye neno BEAMS na VVT-i juu ya kifuniko, nguvu zikapanda kutoka farasi 140 hadi 160, na kuanzia hapo mkanda ukikatika valvu zinapinda. Bodi ni ile ile, jina ni lile lile, hata herufi za injini hazikubadilika. Majirani wawili wanaweza kukatikiwa mikanda wiki moja, mmoja akalipia mkanda na mwingine akalipia hedi, kisha wakakaa kibarazani wakibishana fundi wa nani ni mwizi.

Familia ya 3S ina mtego wa aina hiyo hiyo. 3S-FE, iliyoko kwenye Noah za SR40 na RAV4 za mwanzo, haigongani. Ongeza herufi moja iwe 3S-FSE, ile ya D-4 inayopatikana kwenye baadhi ya Toyota Nadia, na valvu zinapinda. Corolla za 5A-FE na 7A-FE ziko salama. Subaru Forester na Impreza zenye EJ20 ya kamshafti nne, ambazo Nairobi wanazipenda kwa mapenzi nisiyoyaelewa vizuri, ni za kugongana, na zina ubaya mwingine: valvu za kuingiza hewa na za kutoa moshi zinaweza kugongana zenyewe kwa zenyewe hata pistoni zikiwa mbali, kwa hiyo kamshafti hizo hazizungushwi ovyo kwa mkono. Dizeli zote za mkanda, kuanzia 5L ya Hiace hadi 1HZ ya Land Cruiser na 1KZ ya Prado, ni za kugongana. Wenye IST na Vitz za 1NZ wanaweza kuiruka sura hii. Hao wana cheni.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kusoma herufi kamili za injini, kwenye kibati kilichopigwa ndani ya boneti na kwenye bloku yenyewe. Tazama zote mbili, kwa sababu gari lililowahi kubadilishwa injini huwa na kibati kinachosema habari za zamani.

Sifuri isiyo ushahidi

Baada ya hapo fungua kifuniko cha juu cha mkanda. Kama ni kazi kubwa, fungua kifuniko cha kujazia oili. Kwenye injini nyingi utaiona kamshafti kupitia tundu hilo. Mtu azungushe krankshafti taratibu kwa spana, siyo kwa selfu. Kamshafti isipocheza, mkanda umekatika au meno yake yamekwanguka. Yakikwanguka machache tu, mkanda utaonekana mzima kabisa kwa nje huku taimingi imeruka, na hali hiyo nayo inaweza kupinda valvu.

Sasa fundi anatoa plagi, anafunga geji ya kompresheni, anapiga selfu, na geji inasoma sifuri. "Umeona?" anasema. Na mwenye gari, aliyeona kwa macho yake mshale ukilala, anakubali kuuziwa injini.

Geji haikudanganya. Fundi ndiye aliyeiuliza swali lisilo na jibu. Kamshafti ikiwa imesimama, baadhi ya silinda zina valvu iliyosukumwa chini na kubaki wazi. Silinda yenye valvu wazi haiwezi kubana hewa, iwe valvu hiyo imepinda au imenyooka kama ilivyotoka kiwandani. Hata 3S-FE, ambayo haina namna ya kupinda valvu, itakupa sifuri kwenye baadhi ya silinda zake mkanda ukiwa umekatika. Kipimo cha kompresheni kabla ya kurudisha taimingi hakithibitishi lolote kuhusu valvu. Ukikumbuka sentensi moja tu katika sura hii, iwe hiyo.

Valvu hupimwa zikiwa zimepewa nafasi ya kufunga. Kabla ya kuigusa kamshafti, pistoni zote ziondolewe juu. Kwenye injini ya silinda nne, zungusha krankshafti robo mzunguko kutoka kwenye alama ya topu, yaani pale pistoni ya kwanza inapokuwa juu kabisa. Pistoni zote nne zitakaa katikati ya silinda. Kwenye injini ya silinda sita za mstari mmoja, kama hiyo 1G, robo mzunguko haifai: itaziacha pistoni mbili nyuzi 30 tu kutoka juu, na hapo bado zinaweza kufikiwa. Tumia nyuzi 60. Hesabu hii ndogo imewapita mafundi wengi wazuri waliojifunzia kwenye Corolla, na valvu zilizonusurika barabarani zikapindiwa gereji.

Pistoni zikiwa chini, zungusha kamshafti hadi kwenye alama yake, kisha rudisha krankshafti topu kwa njia fupi. Funga mkanda, kaza tenshena, toa plagi zote, zungusha injini kwa mkono mizunguko miwili kamili ya krankshafti. Ikizunguka bila kugonga, ni habari njema ya kiasi tu. Ikigoma mahali kwa ugumu wa chuma kwa chuma, usilazimishe. Rudi nyuma uhakiki alama. Alama zikiwa sahihi na bado inagoma, kuna valvu imekwama chini, na hedi itashushwa bila mjadala.

Kama imezunguka, sasa ndipo hewa iulizwe. Kinachotakiwa ni kompresa, ambayo hata kijiwe cha kuziba pancha wanayo, na bomba la kufunga kwenye tundu la plagi. Bomba la geji ya kompresheni linafaa ukishang'oa kijivalvu kilichomo kwenye ncha yake. Weka silinda ya kwanza topu, kwenye zamu ya kubana hewa, valvu zake zote zikiwa zimefungwa. Ingiza hewa. Injini itataka kuzunguka kidogo, kwa hiyo mtu mwenye nguvu aishike krankshafti kwa spana ndefu, na asiweke kichwa jirani na mpini.

Kisha sikiliza. Hewa inayovuma kwenye bomba la kuingizia hewa inapita kwenye valvu ya hewa. Inayovuma nyuma ya gari, kwenye bomba la moshi, inapita kwenye valvu ya moshi. Inayosikika kwenye kifuniko cha oili inapita kwenye ringi za pistoni, na hilo ni tatizo la uzee, mkanda hauhusiki nalo. Mapovu kwenye rejeta yana maana ya gasketi ya hedi. Hakuna kompyuta inayoweza kukuambia haya kwa uwazi huu, ingawa gereji zenye kompyuta zitakutoza kwa kujaribu.

Mwenye geji maalumu ya kupima mvujo, ile yenye saa mbili, atapata pia namba. Hewa ikiingia kwa shinikizo la psi 100 na silinda ikashika 90 au zaidi, silinda ni nzima. Ikishika 80, ni ya kutilia shaka, hasa ikiwa jirani zake ni nzuri. Valvu iliyopinda haiwi kwenye mjadala huo: mara nyingi inavujisha zaidi ya nusu, na wakati mwingine hewa inapita kama dirishani. Baada ya silinda ya kwanza, zungusha nusu mzunguko kwenda ya tatu, kisha ya nne, kisha ya pili. Ndio mpangilio wa kuwaka wa injini nyingi za silinda nne. Andika kila jibu kwenye karatasi, na mwenye gari ayaone.

Lakini usihukumu valvu kwa mvujo wa mara ya kwanza. Injini ikigongwa hivyo huachia vipande vya kaboni, na kipande kimoja kikikaa chini ya valvu kitaifanya ivuje kama iliyopinda. Zungusha injini mara kadhaa kwa mkono, gonga juu ya valvu kidogo kwa mpini wa nyundo wa mbao, upime tena. Mvujo wa kaboni hubadilika au hupotea. Wa valvu iliyopinda unabaki pale pale.

Kuna kipimo cha bei rahisi zaidi, na nakipenda kwa sababu hakihitaji hata umeme. Valvu iliyopinda hairudi juu hadi mwisho wake. Inaning'inia chini kidogo ya wenzake. Kwa hiyo nafasi kati yake na kamshafti huongezeka. Injini nyingi za Toyota za shimu huachiwa nafasi ya milimita 0.2 hadi 0.3 hivi, kidogo zaidi upande wa moshi. Fungua kifuniko cha valvu, pitisha fila geji moja baada ya nyingine. Ukikuta valvu kumi na nne ziko kwenye 0.25 na mbili zina nafasi ya milimita nzima, umeshazikamata hizo mbili. Kipimo hiki hakifanyi kazi kwenye injini zenye vinyanyuzi vya oili, kwa maana hivyo hujirekebisha vyenyewe na kuficha pengo.

Siku hizi kuna pia kamera za waya zinazochomekwa kwenye simu. Ipitishe kwenye tundu la plagi utazame kichwa cha pistoni. Palipogongwa pana alama ya hilali, ng'aavu katikati ya weusi wa kaboni. Alama hiyo inaonyesha kwamba ziligusana, haionyeshi kama valvu imepinda. Mguso mwepesi unaweza kukwangua kaboni na kuiacha valvu salama. Kamera ni shahidi mzuri wa pili. Wa kwanza ni hewa.

Silinda zote zikishika hewa, ndipo selfu ipigwe, kwa kipimo cha kompresheni chenyewe: plagi zote nje, mafuta yamekatwa, pedeli ya mafuta imekanyagwa hadi chini, betri imejaa. Injini nzima ya petroli hutoa psi 150 hadi 200, na silinda zisipishane zaidi ya 15 hivi. Ukipata namba hizo, rudisha plagi, washa gari, nenda nyumbani. Hedi haijafunguliwa, na haikuwa na sababu ya kufunguliwa.

Dizeli

Dizeli inavunja kwa namna yake. Kwenye injini ya petroli ya valvu kumi na sita, valvu zimelala kwa pembe, kwa hiyo pistoni inazigonga upande na vijiti vyake vyembamba vinapinda. Kwenye dizeli nyingi za aina tunazoziona, valvu zimesimama wima juu ya pistoni bapa, na nafasi iliyobaki pistoni ikiwa juu kabisa ni ndogo mno. Pistoni inaisukuma valvu moja kwa moja kwenda juu. Kijiti kinaweza kusimama imara na pigo likapita, likaenda kuvunja kilicho juu yake: roka, kofia za kamshafti, vikombe vya shimu, au kamshafti yenyewe ikakatika vipande.

Mitsubishi 4D56, ya Pajero na L200, ni mfano wa kuokoka kwa njia hiyo. Roka zake hukatika kabla valvu hazijapinda, na wako waliofunga roka mpya na mkanda mpya wakaendelea na safari ya maisha. Injini hiyo ina pia mkanda mdogo wa shafti za kupunguza mtikisiko. Huo ukikatika, vipande vyake huingia kwenye mkanda mkubwa na kuuangusha. Anayebadilisha mmoja na kuacha mwingine anajitafutia balaa kwa bei nafuu.

Kwa hiyo kwenye dizeli anza juu. Fungua kifuniko cha valvu utazame kabla ya kufunga mkanda wowote. Kisha vipimo ni vile vile vya hewa, kupitia tundu la hita plagi au nozeli. Geji ya kompresheni ya petroli isitumike. Dizeli hubana psi 300 hadi zaidi ya 400, na geji ndogo itakufia mkononi. Na hata valvu zikiwa nzima, fikiria fimbo za pistoni. Pigo la dizeli linaweza kupinda fimbo kidogo sana, injini ikawaka, ikafanya kazi miezi, kisha ikanoki. Hedi ikiwa imeshushwa, pima kila pistoni inafika wapi ikiwa juu kabisa. Ile inayobaki chini kuliko wenzake ina fimbo iliyopinda.

Hedi ikishashuka

Mkiwa mmefika hapa kwa ushahidi, sawa. Hedi ilazwe kifudifudi, petroli kidogo imiminwe kwenye njia za hewa na moshi, mtazame chini ni valvu ipi inatoa jasho. Zilizotolewa ziviringishwe juu ya kioo. Kijiti kilichopinda kitaruka-ruka. Usikubali valvu inyooshwe kwa nyundo. Chuma kilichokwisha kupinda na kunyooshwa hukatika shingoni, na kichwa cha valvu kikiangukia ndani ya silinda, injini inayozunguka haitabaki na chochote cha kutengeneza. Miongozo ya valvu itazamwe nyufa. Siti zisagwe na valvu mpya, hedi ipelekwe mashine ikapimwe unyoofu wake, sili za valvu ziwe mpya. Kubadilisha valvu mbili zilizopinda na kuacha zilizopimwa zikawa nzima ni halali; sioni sababu ya kununua seti nzima ili kumfurahisha muuza spea.

Injini ya mtumba kutoka Japani ni jibu pale bloku au pistoni zimeumia, au bei ya kazi ya hedi imezidi ya injini. Ukiichukua, kumbuka kwamba umenunua pia mkanda wake usioujua umri. Ubadilishwe injini ikiwa bado sakafuni, pamoja na pampu ya maji na oili sili za mbele, kazi ambayo sakafuni ni ya saa chache na ndani ya gari ni ya siku nzima. Na kadi ya gari ina namba ya injini. Ya zamani ikitoka na mpya ikaingia, nenda ukabadilishe kumbukumbu hizo kabla askari au mnunuzi hajakuuliza.

Kimebaki kitu ambacho gereji husahau kabisa: kuuliza mkanda ulikatika kwa nini. Uliokufa utaje sababu yake kabla haujatupwa. Uliovimba na kulainika umenyweshwa oili na sili inayovuja. Uliochanika ukingoni umekuwa ukisugua kwa sababu puli au beringi imekaa upande. Uliokwanguka meno mahali pamoja, mwili wake ukiwa mzima, ulizuiwa na kitu kilichokwama ghafla, na mshukiwa wa kwanza ni pampu ya maji, ambayo kwenye injini nyingi huzungushwa na mkanda huo huo. Wenye nyufa kila mahali umekufa kwa uzee. Ukifunga mkanda mpya juu ya pampu iliyokwama, utarudia sura hii yote kabla ya mwezi kwisha.

Kuhusu uzee, dizeli nyingi za mkanda za Toyota zina taa ya T-BELT inayowaka kila kilomita 100,000. Taa hiyo haiutazami mkanda, inahesabu kilomita tu, na inazimwa kwa mkono baada ya mkanda kubadilishwa. Inaweza kuzimwa pia bila mkanda kubadilishwa, na wauzaji wanalijua hilo. Ukijumlisha kilomita zinazorudishwa nyuma kwenye magari ya mtumba, dashibodi ya gari lililoshuka melini Dar es Salaam au Mombasa haiwezi kukuambia habari ya mkanda wake. Msimamo wangu ni mkali kidogo, lakini sijaona sababu ya kuulegeza: gari la mkanda lililoingia mikononi mwako bila risiti ya mkanda, hesabu kwamba halijawahi kubadilishwa, na ubadilishe ndani ya mwezi wa kwanza, pamoja na tenshena na beringi zake. Kisha andika tarehe na kilomita kwa kalamu isiyofutika juu ya kifuniko cha mkanda, ili anayefuata asikisie.